Kutoa Mafaili ya Watumishi Masjala: Njia Zipo Ngapi na Kila Moja Inagharimu Nini

Chuo binafsi kikiamua kuingiza taarifa za watumishi wake kwenye kompyuta, kikao cha kwanza karibu kila mara huwa cha programu. Zinaitwa kampuni mbili tatu, kila moja inaonyesha kazi yake kwa projekta, proforma zinakusanywa, kisha bodi inaombwa ichague iliyo nafuu. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia katikati. Bei ya programu ndiyo iliyo rahisi kuijua. Fedha nyingi hupotelea kwenye mambo mawili yasiyoandikwa kwenye proforma yoyote: kazi ya kusafisha taarifa kabla hazijaingizwa, na gharama ya kuondoka siku chuo kitakapotaka kuachana na programu hiyo. Bodi isiyoyahesabu hayo mawili inapigia kura nusu ya ankara.

Nitakokotoa kwa chuo cha mfano cha Tanzania Bara chenye watumishi 180, wakufunzi pamoja na wahasibu, walinzi, madereva na wapishi. Viwango vya kazi na malipo ninavyovitumia ni vya kukadiria, kila chuo kiweke vya kwake.

Vyuo vya umma navipitia haraka, kwa kuwa havina uchaguzi mpana. Watumishi wanaolipwa na Hazina wamo kwenye mfumo wa HCMIS ulio chini ya Ofisi ya Rais, Utumishi, kila mmoja na cheki namba yake. Likizo na maombi mengine yanapitia ESS, na upimaji wa utendaji umetoka kwenye fomu za OPRAS ukahamia PEPMIS. Ipo pia Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, inayoweka mifumo ya taasisi za umma chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kinachobaki wazi ni watumishi wa mkataba wanaolipwa kwa mapato ya ndani, ambao mara nyingi taarifa zao zimekaa nje ya mfumo huo, kwenye karatasi au kwenye Excel ya mtu mmoja. Kwa hao, mengi yanayofuata yanavihusu vyuo vya umma pia.

Tuanze masjala, kwa sababu huko ndiko bei halisi inakopangwa. Fungua jalada la mkufunzi aliyeajiriwa miaka ishirini iliyopita. Cheti cha kuzaliwa kina tarehe moja, fomu ya ajira ina nyingine. Jina la kati kwenye cheti cha kidato cha nne ni la babu, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii ni la baba. Alikuwa akichangia PPF. Agosti 2018 mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF ilipounganishwa kuwa PSSSF, wanachama wa sekta binafsi walipelekwa NSSF, kwa hiyo jalada lake linapaswa kuonyesha uanachama wa zamani na wa sasa, na vyote viwili vina kazi siku ya kudai mafao. Barua ya kupandishwa daraja ipo, ila nakala iliyosainiwa na mwenyewe haipo. Hakuna programu itakayomaliza utata huu. Ikipewa tarehe isiyo sahihi itaitunza hiyo hiyo, na kuichapa kwenye kila barua kwa miaka yote inayofuata. Kwa mtu anayestaafu kwa lazima akifika miaka 60, kosa la mwaka mmoja kwenye tarehe ya kuzaliwa ni mshahara wa mwaka mzima unaolipwa au unaokatizwa kimakosa.

Nchi hii inakumbuka uhakiki wa vyeti wa utumishi wa umma. Ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli mjini Dodoma Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, baada ya vyeti kulinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Chuo kinachosubiri kukumbwa na uhakiki wa aina hiyo hulipia zaidi ya kile kinachojikagua chenyewe kwa utulivu, mtumishi akiwa amekaa mbele ya afisa na vyeti vyake halisi mkononi.

Kwa makadirio yangu, kusoma jalada moja, kujaza taarifa za msingi na kuzilinganisha na nyaraka halisi kunachukua dakika 45. Majalada 180 yanakuwa saa 135, sawa na siku 17 za kazi za afisa utumishi mmoja asiyeitwa kwenye vikao, na sote tunajua afisa utumishi wa chuo ana vikao vingapi. Kisha kila mtumishi achapiwe ukurasa wake, ausome, asahihishe, asaini. Hatua hii ya saini ndiyo inayorukwa zaidi, nami naiona kuwa yenye faida kuliko zote kwa gharama ndogo kuliko zote: karatasi 180 na wino. Inamaliza ubishi kabla haujafika kwa wakili.

Skana nazo huuzwa kwa hofu. Muuzaji anasema mnahitaji seva kubwa ya kuhifadhi majalada yote. Tukokotoe. Majalada 180 yenye wastani wa karatasi 90 ni karatasi 16,200. Karatasi moja ya A4 ikipigwa kwa nukta 300 kwa inchi, bila rangi, inaweza kuchukua karibu theluthi moja ya megabaiti. Masjala nzima inakuwa gigabaiti tano hivi, kiasi kinachoenea kwenye flashi ya mfukoni. Nafasi ya kuhifadhia si gharama ya kuumiza kichwa. Gharama ni mikono ya watu: kutoa pini na vibanio, kunyoosha karatasi zilizokunjika, kutenganisha zilizogandana, kuzipa majina yanayoeleweka na kuzirudisha kwenye jalada kwa mpangilio wa folio. Karani akimaliza karatasi 400 kwa siku, kazi yote ni siku 41. Akilipwa shilingi 20,000 kwa siku, ni shilingi 820,000.

Chuo kinaweza pia kuchagua cha kuskani. Barua ya ajira, mkataba, vyeti, kitambulisho, fomu za hifadhi ya jamii, barua za kupandishwa daraja, barua za nidhamu: tuseme karatasi 25 kwa jalada. Hizo ni 4,500, siku 12, shilingi 240,000. Ninapendelea njia hii. Maombi ya likizo ya siku tatu ya mwaka 2009 yabaki kwenye karatasi. Ila karatasi halisi za ajira zisichomwe hata kama zimeskaniwa vizuri kiasi gani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya ajira kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua nyaraka ya kielektroniki, lakini penye ubishi wa saini kila upande hutaka kuiona karatasi yenyewe.

Sasa tuziangalie njia zenyewe. Ya kwanza karibu haina bei: Excel, au LibreOffice kwa asiyetaka kulipia leseni. Watumishi 180 ni mistari 180 kwenye jedwali linaloweza kubeba zaidi ya milioni moja. Tatizo liko kwingine. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Ukiiandika bila vistari kwenye kisanduku cha kawaida, tano za mwisho zinageuka sifuri, na jedwali likishahifadhiwa haziwezi kurudi. Namba za simu zinazoanza na sifuri zinaipoteza sifuri hiyo. Tarehe 03/07/1974 kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani inasomeka Machi 7 badala ya Julai 3. Dawa ipo: panga safu hizo kuwa maandishi kabla ya kuingiza chochote, na andika tarehe kwa kuanza na mwaka. Tena namba ya NIDA ni msaada mkubwa, kwani tarakimu zake 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Fomula moja fupi inakuonyesha papo hapo ni nani tarehe yake kwenye jedwali haifanani na ya kitambulisho.

Kasoro isiyotibika ya Excel ni kwamba haitunzi historia ya kuaminika ya aliyebadilisha tarehe ya kuzaliwa ya fulani na lini. Faili linanakiliwa, moja linabaki kwa afisa utumishi, jingine kwa mhasibu, na baada ya mwezi yanatofautiana. Kuficha ukurasa wa mishahara si ulinzi, maana kuufichua ni kubofya mara mbili tatu. Ningeitumia Excel kama uwanja wa kusafishia taarifa, na kama makazi ya kudumu kwa chuo chenye watumishi wasiofika 40 chenye afisa mmoja makini. Kwa 180, hapana.

Njia ya pili inapendwa sana kwenye vyuo vinavyofundisha kompyuta: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apewe kazi hiyo iwe mradi wake. Haina gharama na inaonekana kama kumwamini kijana. Naipinga. Mwanafunzi atakayejenga kanzidata ya watumishi anapata njia ya kuona mshahara, taarifa za afya na barua za onyo za mkufunzi ambaye mwezi ujao atamsahihishia mtihani. Hiyo si haki kwa mkufunzi, wala kwa mwanafunzi, ambaye atakuwa wa kwanza kushukiwa siku taarifa zikivuja. Kisha anahitimu. Baada ya mwaka mmoja kitu kinagoma, anapigiwa simu, yuko kazini Mwanza au Arusha, na hakuna mwingine anayejua kilivyopangwa. Wanafunzi wapewe kuchora fomu, kujaribu programu kwa taarifa za kubuni, kuandika mwongozo kwa Kiswahili. Hapo watajifunza, na chuo kitanufaika, bila jalada la mtu kuguswa.

Njia ya tatu ni programu huria, ambazo leseni yake hailipiwi. Hapa nakaa zaidi, kwa sababu neno la bure limewapoteza wengi. OrangeHRM ina toleo huria zuri kwa taarifa za mtumishi, likizo, mahudhurio na upimaji, ila toleo hilo halina mishahara. Odoo, ya Ubelgiji, ina toleo huria lenye taarifa za watumishi na likizo, lakini sehemu ya mishahara iko kwenye toleo la kulipia. Frappe HR, iliyotoka India na kutenganishwa na ERPNext mwaka 2022, ina mishahara ndani yake, na makato yanaandikwa kwa fomula ambazo chuo kinaweza kuzibadilisha chenyewe. Kwa anayetaka mishahara na majalada yakae pamoja, Frappe HR ndiyo ningeijaribu kwanza. Kwa anayetaka majalada tu, na mishahara ibaki kwenye programu ya uhasibu iliyokwisha kulipiwa, OrangeHRM ni nyepesi na afisa asiye mtaalamu wa kompyuta anaielewa mapema.

Hakuna kati ya hizo iliyozaliwa na sheria zetu. Likizo ya mwaka ya siku 28, uzazi siku 84 au 100 kwa waliozaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara: yote hayo lazima yaingizwe na mtu anayeyajua. Vivyo hivyo PAYE, NSSF, makato ya HESLB ya asilimia 15 kwa wadaiwa wa mkopo wa elimu ya juu, SACCOS, chama cha wafanyakazi, pamoja na mfuko wa fidia wa WCF anaouchangia mwajiri, na tozo ya ujuzi ya SDL kama inakihusu chuo. Kiwango cha SDL kimepunguzwa zaidi ya mara moja tangu 2016. Basi ulizeni mapema: bajeti ya Juni ikibadilisha kiwango, nani atakibadilisha kwenye programu kabla ya mshahara wa Julai, na kwa malipo gani? Jibu la swali hilo hunijulisha zaidi kuhusu muuzaji kuliko onyesho lake lote.

Gharama ya programu huria kwa hiyo ni ya watu na vifaa. Tukadirie shilingi milioni 6 za kuisimika na kuipanga, milioni 4 za kompyuta ya kuiendeshea pamoja na UPS na diski mbili za nakala rudufu, na fundi wa kuitazama kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Miaka mitano inakuwa milioni 28. Bei hiyo haibadiliki sana, watumishi wawe 40 au 180.

Njia ya nne ni kulipia kwa mwezi programu inayokaa mtandaoni kwa kampuni ya nje. Hakuna seva, hakuna fundi, umeme ukikatika chuoni taarifa ziko salama. Chukua bei ya mfano ya dola 3 kwa kila mtumishi kwa mwezi. Kwa 180 ni dola 540, yaani 6,480 kwa mwaka. Bado kuna kitu ambacho wengi hukigundua wakati wa ukaguzi: malipo ya huduma kwa kampuni isiyo mkaazi yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Kampuni nyingi hukataa kupunguziwa, kwa hiyo chuo kinaibeba kodi hiyo juu ya bei, na dola 6,480 zinakuwa 7,624 hivi. Kwa shilingi 2,600 kwa dola, hiyo ni karibu milioni 19.8 kwa mwaka, milioni 99 kwa miaka mitano. Sarafu nayo haijatulia. Mwaka 2021 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300, mwaka 2024 ikapita 2,600. Tofauti ya shilingi 300 peke yake, kwenye zile dola 6,480, inaongeza shilingi 1,944,000 kwa mwaka bila chuo kupata kitu kipya.

Lakini msiikimbie njia hii. Chuo chenye watumishi 40 kwa bei hiyo hiyo kinalipa karibu milioni 22 kwa miaka mitano, chini ya zile milioni 28 za programu huria. Mpaka uko kwenye watumishi 50 hivi. Chini ya hapo kulipia kwa kichwa ni nafuu, na kunampunguzia mkuu wa chuo hangaiko la kutafuta fundi. Juu ya hapo, kila mlinzi na mpishi mnayemwajiri anaongeza ankara, ingawa yeye mwenyewe huenda asiingie kwenye programu hata mara moja. Ulizeni kama bei ni kwa watumishi wote au kwa wanaoingia tu. Na muuzaji wa hapa nchini akiwapa bei kwa dola, mwambieni aiandike upya kwa shilingi, maana kanuni za Machi 2025 zinakataza bei za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni.

Njia ya tano, kumlipa mtaalamu wa hapa awajengee programu yenu wenyewe, nina neno moja juu yake: mkataba useme maandishi yote ya programu ni mali ya chuo na yakabidhiwe kila yanapobadilishwa. Bila kifungu hicho mtakuwa mmelipia ujenzi na kubaki wapangaji.

Njia yoyote mtakayoichukua, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu. Chuo kinakusanya taarifa binafsi, kwa hiyo kinajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa zikienda kwenye seva za nje ya nchi kuna masharti ya kutimiza. Hilo liingie kwenye kulinganisha, kwa sababu programu ya mtandaoni ya kigeni ina kazi ya ziada hapo kuliko kompyuta iliyofungiwa ofisini kwenu. Kwa desturi ya masjala zetu, jalada la siri na jalada la wazi havikai kwenye kabati moja. Programu isiyoweza kuwatenganisha wanaoona barua za nidhamu na wanaoona tarehe za likizo ni hatua ya kurudi nyuma, hata ikiwa na rangi nzuri.

Kuhusu kuondoka, dai jaribio kabla ya malipo ya mwisho. Mwambie muuzaji atoe taarifa za watumishi wote 180 kwenye jedwali la kawaida la CSV, pamoja na nyaraka zilizoskaniwa, kila moja na jina linaloonyesha ni ya nani na ni ya nini. Mpe afisa utumishi alifungue jedwali hilo kwenye kompyuta isiyo na programu ile. Likifunguka na namba za NIDA ziko tarakimu 20 kamili, mlipe. Likitoka katika muundo ambao ni programu yao peke yake inayoweza kuusoma, shikilieni malipo hadi warekebishe.

Kwa chuo changu cha mfano, ningeigawa bajeti ya mwaka wa kwanza hivi: kabla ya kuita kampuni yoyote, siku 17 za afisa utumishi aliyeondolewa kwenye majukumu mengine, na siku 12 za karani wa skana. Taarifa ziingie kwenye jedwali lililopangwa vizuri, kila mtumishi asaini ukurasa wake. Kisha Frappe HR ijaribiwe kwa miezi mitatu na idara moja, mishahara ikiendelea kulipwa kwa njia ya zamani sambamba, mpaka hesabu mbili zifanane hadi shilingi ya mwisho kwa miezi miwili mfululizo. Na wakati huo wote jedwali lile lililosainiwa libaki kwenye diski mbili, moja chuoni na moja nje ya chuo, zikiwa zimefungwa kwa nywila ambayo mkuu wa chuo na afisa utumishi wanaijua wote wawili.